Gari Linachuchumaa Nyuma Likifungwa Trela: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huletwa zaidi na wenye Prado na Discovery wanaovuta boti hapa mkoani Tanga, kati ya Raskazone, Mwambani na Pangani, na wachache wanaopeleka trela za mizigo Segera. Majibu yanahusu magari yenye mipira ya upepo nyuma badala ya springi za chuma. Ukiwa na haraka, soma jibu la kwanza na la pili, mengine yatakusubiri.

Gari likiwa tupu linasimama vizuri, nikifunga trela linachuchumaa. Tatizo ni nini?

Angalia kwanza linachuchumaa kwa muda gani. Gari la upepo likibebeshwa uzito ghafla lazima lishuke kidogo. Sensa ya kimo inaiarifu kompyuta, kompresa (pampu ya upepo) inaunguruma, gari linanyanyuka. Likishuka kisha likarudi baada ya muda mfupi, hapo hakuna ubovu. Wapo wanaofunga trela injini ikiwa imezimwa, wanaona nyuma imelala, wanapiga simu gereji kwa hofu. Washa gari, funga milango yote (kwenye Discovery mlango ulio wazi huzuia gari kunyanyuka), subiri.

Kama halirudi, sikiliza. Kompresa inaunguruma lakini gari halipandi: upepo hautoshi au unatoroka. Kompresa kimya kabisa: tafuta kwenye umeme, au kitufe cha kuzima saspensheni kimebonyezwa bila mtu kujua, jambo linalotokea mara nyingi watoto wakiachwa ndani ya gari. Gari linapanda vizuri, halafu ukisimama kunywa chai Muheza unalikuta limelala: hapo kuna uvujaji, na uzito wa trela umeufichua tu.

Kwa nini likiwa tupu lisionyeshe? Kwa sababu uzito ukiongezeka, upepo ndani ya mpira lazima uongezeke pia. Chukua mfano wa mpira wenye kipenyo cha sm 15. Eneo lake ni kama sm 177 za mraba. Ukibeba kg 500 unahitaji upepo wa takribani psi 40 (kipimo kilekile cha upepo wa tairi). Ongeza kg 70 tu, unahitaji psi 46. Kompresa iliyochoka inaweza kuifikia ile ya kwanza na kuishia hapo. Na tundu dogo ambalo kwa psi 40 lilikuwa likipumua kidogo, kwa psi 46 linatoa zaidi, tena mpira ukiwa umekunjamana sehemu nyingine kabisa.

Sababu ya mwisho haipendwi na wenye magari: pengine saspensheni ni nzima na mzigo ndio umezidi.

Nitajuaje kama mzigo umezidi? Boti yangu ni ndogo.

Udogo wa boti hausemi kitu. Kinachokandamiza gari ni uzito unaokaa kwenye shingo ya trela, pale inapofungwa. Kwa trela ya boti, uzito wa shingoni unaofaa ni kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wote wa trela pamoja na boti. Boti, injini, mafuta na trela yenyewe vikifika kg 1,200, shingoni panatakiwa kg 60 hadi 120. Kisha linganisha na kikomo kilichoandikwa kwenye kibati cha chuma cha kuvutia na kwenye kitabu cha gari. Kile kilicho kidogo ndicho sheria.

Kupima ni rahisi. Simamisha trela mahali tambarare, zuia magurudumu kwa mawe, nyanyua lile gurudumu dogo la mbele, ukaishushe shingo juu ya kipande cha mti kilichosimama kwenye mizani ya kujipimia uzito. Kipande hicho kiwe na urefu utakaoiweka shingo kwenye kimo kilekile cha kufungia. Ukiogopa kuivunja mizani, weka ubao: ncha moja juu ya mizani, nyingine juu ya tofali la kimo hichohicho, shingo ikae katikati kabisa ya ubao. Unachosoma zidisha mara mbili.

Sasa hesabu ambayo wengi hawaifanyi. Kg 100 shingoni hazileti kg 100 kwenye ekseli ya nyuma. Prado ya 120 ina mita 2.79 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Kama kichwa cha kuvutia kiko mita 1.2 nyuma ya ekseli, zile kg 100 zinageuka kg 143 kwenye ekseli ya nyuma, na mbele panapungua kg 43. Ndiyo maana usukani unakuwa mwepesi na taa zinamulika minazi. Weka na magunia mawili ya machungwa ya Muheza buti, abiria watatu kiti cha nyuma, uone kama kuna mpira wa kulaumiwa.

Uzito wa shingoni unabadilika wenyewe? Wiki iliyopita gari lilibeba vizuri.

Unabadilika sana, na kwa boti mchawi ni maji. Boti iliyoachwa wazi wakati wa masika ikakusanya mvua ya mm 50 kwenye eneo la mita 6 za mraba, imebeba lita 300, yaani kg 300, na zote zinakimbilia mbele ukifunga breki. Chomoa kizibo cha chini kabla ya kufunga trela, si ukishafika. Baada ya maji angalia nanga na minyororo iliyowekwa omoni (mbele ya boti), kasha la barafu, na tangi la mafuta lilipo.

Basi nisogeze mzigo nyuma ya trela ili shingo iwe nyepesi?

Kidogo, ndiyo. Kupita kiasi, hapana. Trela yenye shingo nyepesi mno huyumba, na kuyumba ukiwa kwenye mteremko na lori linakupita ni hatari kuliko kuchuchumaa. Usishuke chini ya ile asilimia 5. Trela nyingi hapa zimechomelewa mtaani na ekseli ikawekwa kwa macho; kama boti imekaa sawasawa na shingo bado ni nzito kupita kiasi, mrudie mchomeleaji asogeze ekseli mbele, au sogeza nguzo ya winchi. Ukisogeza kimojawapo, pima upya.

Na trela isiyo na breki zake ina kikomo chake. Kwenye Discovery 3, kwa mfano, kiwanda kiliruhusu kg 3,500 kwa trela yenye breki, kg 750 tu kwa isiyo nazo. Watu hukariri ile namba kubwa.

Uvujaji unatafutwaje?

Kwa futikamba, kisha kwa sabuni.

Jioni, gari likiwa limejipanga, pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa matao ya bodi, kila tairi, uandike. Usipime kutoka ardhini, maana upepo wa tairi utakudanganya. Asubuhi pima tena kabla ya kuwasha. Kushuka kidogo usiku si kitu, upepo ukipoa husinyaa. Upande mmoja ukishuka sm 4 na mwingine sm 1, umeshajua pa kuanzia. Kwenye Discovery kuna mtego: gari hilo huamka lenyewe likiwa limeegeshwa na kushusha pembe nyingine zilingane na ile iliyo chini, kwa hiyo mpira mmoja mbovu unalilaza gari zima na wewe unadhani yote minne imekufa. Chomoa fyuzi ya saspensheni usiku huo, kila pembe ibaki na hali yake.

Kisha sabuni. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, changanya na maji kwenye chupa ya kunyunyizia, iwe nzito kidogo. Hapa tahadhari moja kubwa: usiingize mwili wala kichwa chini ya gari linaloshikiliwa na upepo peke yake. Mpira ukipasuka au valvu ikifunguka gari linashuka bila kukupa taarifa. Weka stendi imara chini ya chasisi, zima saspensheni kwa kitufe au fyuzi yake kabla ya kupiga jeki, toa tairi.

Anza kwenye mkunjo wa chini wa mpira, pale unapojikunja juu ya kikombe chake. Pangusa mchanga na tope kwanza, la sivyo utaona povu la uchafu. Nyunyiza, usiguse, tazama kwa dakika nzima. Uvujaji mkubwa unapuliza sabuni yote. Huo hata sikio linausikia. Unaotusumbua ni ule mdogo: unaona weupe mwembamba ukijikusanya kwenye ufa wa mkunjo, unapanda taratibu kama maziwa yanayokaribia kuchemka, unakatika, unaanza tena. Usipoona kitu, rudisha tairi, toa stendi, washa saspensheni, kisha mwambie mwenzako ashushe na kupandisha gari wewe ukiwa pembeni, kwa sababu ufa mwingine hufunguka kwenye kimo kimoja tu, na mara nyingi ni kile kimo cha gari lenye mzigo.

Mpira ukiwa safi, nenda kwenye kiungo cha mrija juu ya mpira, kisha fuata mrija wenyewe mpaka kwenye valvu. Ile mirija ni ya plastiki. Husuguliwa na chasisi, huunguzwa na bomba la moshi likihamishwa na fundi asiyejali, na panya wa bandarini nao wana meno. Mrija uliotoboka karibu na kiungo hauhitaji kununuliwa mpya kama urefu unatosha: kata kwa wembe mkali, mkato uwe wima kabisa, ingiza upya mpaka ukae. Ukikata kwa mshazari au kwa koleo utavuja kesho.

Fundi ameniambia nibadili kompresa. Nikubali?

Muulize kwanza uvujaji uko wapi. Akikwambia hakuna aliotafuta, usitoe hela.

Kompresa chache hufa zenyewe. Nyingi huuawa na mpira unaovuja. Ilitengenezwa ifanye kazi kwa muda mfupi, ipumzike. Mpira ukivuja inafanya kazi kutwa, pete ya pistoni inalika, chembe za kukaushia upepo zinalowa kwa unyevu wetu huu wa pwani, maji yanaingia kwenye valvu, valvu inapata kutu. Ukiweka kompresa mpya juu ya mpira uleule, umenunua miezi michache. Utaratibu ni kuziba uvujaji kwanza, halafu kuijaribu kompresa ya zamani. Wakati mwingine inarudi yenyewe kwenye uhai.

Kuijaribu, funga geji ya upepo kwenye mdomo wake wa kutolea na uone inafika wapi na kwa muda gani. Ikikataa kufika, fungua: kuna vifurushi vya kukarabati vyenye pete ya pistoni na chembe mpya za kukaushia, na kwa kompresa ambayo silinda yake haijachimbika vinatosha. Ikiwa imekwisha kweli na unaweka mpya, badilisha na rilei yake, ile swichi ya umeme inayoiwasha na kuizima. Rilei iliyoganda huiacha kompresa ikizunguka bila kukoma, na inaunguza mpya kama ilivyounguza ya zamani.

Inafanya kazi asubuhi, mchana inagoma.

Joto. Kompresa ina kinga ya kujizima ikipata moto. Wakati wa kaskazi, lami ikiwa inawaka na trela iko nyuma, kompresa inayovuja jasho kujaza mpira uliotoboka itajizima mapema. Iache ipoe, itaamka. Lakini ukiona hivyo mara kwa mara, rudi kwenye jibu la sabuni.

Kuingiza gari baharini wakati wa kushusha boti kunaharibu saspensheni?

Kunaharibu kuliko barabara mbovu. Tofauti ya kujaa na kupwa hapa Tanga wakati wa bamvu (maji makubwa) inapita mita 3, kwa hiyo ukichelewa maji yanakuwa mbali, na mtu anashawishika kuifuata bahari mpaka ekseli ya nyuma imelowa. Vilivyo nyuma huko ndivyo visivyotaka chumvi: vijiti vya sensa za kimo, soketi za waya, na kwenye Discovery kompresa yenyewe, iliyofungwa nje ya chasisi upande wa kushoto, mbele kidogo ya tairi la nyuma.

Kijiti cha sensa ni kitu kidogo chenye vifundo viwili. Vikishika kutu vinakuwa vizito, kijiti kinapinda au kinakatika, na kompyuta inapata habari ya uongo. Inaweza kudhani gari liko juu, ikafungua valvu na kutoa upepo mzima. Mwenye gari anaona limelala, ananunua mpira. Kabla ya kununua chochote vishike vijiti hivyo kwa mkono, vyote viwili, ulinganishe kushoto na kulia.

Panga kushusha boti maji yakiwa yamejaa, tumia kamba ndefu kama trela yako inaruhusu, na ukitoka suuza chini kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo. Jumapili jioni uchovu ni mwingi, najua. Suuza tu.

Sensa ikiwa salama, nirefushe kijiti ili gari likae juu zaidi nikivuta?

Hapana. Utakuwa umeidanganya kompyuta: mpira unakaa umenyooka kupita kiasi, shokapu zinafika mwisho wa safari yake, na gari linadunda.

Nimeharibikiwa njiani usiku, gari limelala kabisa kwenye stopa (vizuizi vya mwisho vya saspensheni). Nifanye nini?

Ukiweza, fungua trela uiache mahali penye mlinzi, kituo cha mafuta au kituo cha polisi. Usipoweza, hamishia mizigo ya buti kiti cha mbele, toa maji yote kwenye boti, punguza abiria kama kuna gari jingine, uende polepole mpaka mji wa karibu. Gari lililolala kwenye stopa halina tena saspensheni nyuma. Kila shimo linapigwa moja kwa moja kwenye chasisi, na mpira uliolala unabanwa na kukatika kabisa. Shusha mwanga wa taa kwa kile kirekebishi cha kwenye dashibodi ili usiwapofushe wanaokuja.

Wapo wanaobana gogo kati ya ekseli na chasisi. Gogo likichomoka kwenye kona, upande mmoja unashuka ghafla. Sishauri hata kwa kilomita chache.

Baadhi ya wenye Prado hufunga mapema kiungo chenye valvu ya kawaida ya tairi kwenye mrija wa kila mpira. Kompresa ikifa, wanajaza upepo kwa pampu ya tairi na kuendelea. Hilo ni jambo la akili, mradi liwekwe na mtu anayejua viungo vya mirija, na kitufe cha saspensheni kizimwe ili kompyuta isiutoe upepo ulioutia. Haisaidii kitu kama mpira wenyewe umepasuka.

Je, niachane na upepo niweke springi za chuma?

Kwenye Prado linafanyika sana na linafaa kwa mtu anayebeba uzito uleule kila siku. Shida inakuja kwa anayevuta boti Jumamosi na kubeba mke na watoto siku nyingine. Springi laini itachuchumaa na trela vilevile, maana haijazi upepo wa ziada. Springi ngumu itawarusha wanao mpaka wagonge vichwa. Upepo ulibuniwa kwa ajili ya tatizo hilohilo. Ukiamua kubadili, chagua springi kwa uzito unaoubeba kweli, badili na shokapu ziendane nazo, na hakikisha fundi ameishughulikia kompyuta, si kuchomoa balbu ya taa ya onyo.

Kuna njia ya kati kwa gari ambalo tayari lina springi: mipira midogo inayoingia ndani ya springi. Mingi ya aina hiyo hukubali kati ya psi 5 na 35. Jaza unapofunga trela, punguza ukifungua, lakini usiiache bila upepo kabisa. Kila upande uwe na mrija wake. Ukiiunganisha kwa mrija mmoja, kwenye kona upepo unahamia upande usiobeba na gari linainama zaidi. Na kikomo cha uzito cha gari kinabaki palepale.

Nina Land Cruiser 100 yenye kitufe cha kupandisha. Haya yote yananihusu?

Ya uzito, ndiyo. Ya sabuni, hapana. Hiyo hunyanyuliwa kwa mafuta yanayosukumwa na pampu, na gesi iko ndani ya vibuyu vya chuma. Angalia kimo cha mafuta kwenye chupa yake na alama za mafuta kwenye mabomba.

Mipira ya mtumba inafaa?

Mara chache. Raba huzeeka hata ikiwa rafuni. Kunja kidogo sehemu ya mkunjo kwa vidole gumba: ukiona nyufa ndogondogo, mrudishie mwenye duka. Ukinunua mipya, nunua kushoto na kulia pamoja, na fundi asiliteremshe gari juu yake kabla haijatiwa upepo. Mpira ukikandamizwa mtupu unajikunja vibaya na kupasuka siku ya kwanza.

Mashine ya kusoma kodi za hitilafu (zile alama ambazo kompyuta huhifadhi) inasema gari halina tatizo.

Mashine za bei ndogo husoma injini tu. Kodi za saspensheni huanza na herufi C na zinahitaji mashine inayofika kwenye kompyuta hiyo. Hata hivyo kompyuta haioni ufa kwenye raba. Itakwambia tu kwamba gari limechelewa kupanda.

Kila kitu kimetengenezwa. Kuna la kukagua kabla sijafunga trela?

Pima tena kimo kwa futikamba gari likiwa tupu, ulinganishe na namba ulizoandika. Funga trela, washa, acha lipande, upime mara ya pili. Tofauti ikizidi sm 2, kuna kitu bado. Piga kona kali polepole kushoto na kulia, uhakikishe waya wa taa za trela haukukazika, kisha ukae mita kumi mbele ya ukuta usiku na uangalie taa zinagonga wapi. Nati za rimu nazo zikazwe upya baada ya kilomita 50 za kwanza, maana zilitolewa zote.